Tumekula chungu kimoja, sukari zetu hazikushuka sawa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya afya ya hivi karibuni kuhusu kisukari iliwagawa wagonjwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wenye nidhamu: wamebadili chakula, wanafanya mazoezi, sukari imeshuka. Fungu la pili ni wazembe, na ushahidi wa uzembe wao ni kwamba sukari haijashuka. Mwandishi akamalizia kwa kusema kisukari cha ukubwani ni cha kujitakia na kwamba anayefuata masharti hupona. Nilifundisha biolojia katika shule za sekondari mkoani Tanga mpaka nikastaafu, na mimi mwenyewe ni mgonjwa wa kisukari. Naomba nafasi ya kumjibu, kwa sababu maneno kama hayo yakishachapwa hayabaki gazetini. Yanaingia majumbani, mume anamsomea mkewe, mtoto anamsomea baba yake, na mgonjwa anakosa pa kujitetea.

Nieleze kwanza ya nyumbani kwetu, maana ndiyo yaliyonisukuma kurudi kwenye vitabu.

Mama yetu alikuwa na kisukari, akafariki kwa kidonda cha mguu kilichokataa kufunga. Kwa upande wa baba, shangazi zetu wawili walikuwa nacho. Kwa hiyo mimi na kaka yangu tulipogunduliwa, tena mwaka uleule, hakuna aliyeshangaa. Mimi ni mjane, na tunaishi kiwanja kimoja cha urithi hapa Chumbageni: kaka, mkewe na mimi. Jiko ni moja na mpishi ni mmoja, wifi yangu. Tuliporudi na majibu, yeye ndiye aliyeshika usukani. Sembe ikaondoka, dona ikaingia. Wali wa nazi ukawa wa Ijumaa tu, na anaupima kwa kikombe cha chai. Maandazi ya asubuhi yalikoma. Tukawa tunakunywa chai isiyo na sukari kwa yai la kuchemsha au kipande cha kiazi kitamu. Mchicha, bamia au kisamvu hujaza nusu ya sahani, samaki robo, ugali robo. Baada ya swala ya alfajiri mimi na kaka tulitembea mpaka Raskazone na kurudi, kwa mwendo wa kutoa jasho.

Kaka alikuwa dereva wa malori, mtu wa tumbo kubwa. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 13, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa inacheza kwenye 5 na 6, suruali zikamvuka, na daktari akamwondolea vidonge huku akimsisitiza asiache kupima. Mimi nilianza na 12. Ikashuka mpaka 9, ikagota pale. Mzani nao ulinipunguzia kilo chache tu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kliniki niliulizwa mbele ya benchi zima nakula nini usiku. Mtaani wakasema mwalimu anaficha maandazi chumbani. Wifi yangu, Mungu amjalie, alinikingia kifua: "Anayempakulia ni mimi, na chumba chake nakifagia mimi." Hata yeye hakuaminiwa, walimwona anamsitiri wifi yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee. Na swali lililoniuma kuliko yote lilitoka kwa watu wanaonipenda: mbona kaka yako wa tumbo moja ameweza?

Swali hilo lina jibu, tena la kidato cha nne. Kila mtoto hupokea nusu ya jeni zake kwa mama na nusu kwa baba, lakini watoto wa nyumba moja hawapokei nusu ileile. Zile jeni zinazowatofautisha binadamu, ndugu wa baba na mama mmoja hulingana kwa wastani katika nusu yake tu. Ndiyo maana nyumba moja hutoa mrefu na mfupi, mweusi na maji ya kunde. Tunalikubali hilo kwa kimo na kwa ngozi, kwa kuwa macho yanaona. Kongosho, ini na misuli navyo hurithiwa kwa utaratibu huohuo, ila havionekani.

Wanasayansi walipotaka kujua urithi una nguvu kiasi gani katika jambo hili, walikwenda kwa mapacha wa yai moja, ambao jeni zao ni zilezile. Mwaka 1990 Claude Bouchard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, walichapisha matokeo ya jozi 12 za vijana wa kiume waliokaa chini ya uangalizi kwa muda wa siku 100. Siku sita za kila wiki walilishwa kalori 1,000 zaidi ya mahitaji yao, wote kiasi kimoja. Aliyenenepa kidogo kuliko wote aliongezeka kilo 4 na ushee, aliyenenepa zaidi kilo 13. Lakini ukimchukua kijana na pacha wake, waliongezeka kwa kufanana: pacha wa aliyenenepa sana naye alinenepa sana. Baadaye, mwaka 1994, kundi hilohilo la watafiti lilichapisha jaribio la upande wa pili. Jozi 7 za mapacha walifanya mazoezi kwa takribani miezi mitatu bila kuongezewa chakula. Wapo waliopungua kilo 1, wapo waliopungua 8, na tena pacha alimfuata pacha.

Bouchard huyo aliongoza pia utafiti uitwao HERITAGE, wa Marekani na Kanada, uliochukua familia nzima, wazazi pamoja na watoto wao waliokwisha kukua, weusi kwa weupe, wote wakiwa watu wasiozoea mazoezi. Waliendesha baiskeli za ndani kwa wiki 20, mara tatu kwa wiki, wakisimamiwa. Kilichopimwa ni uwezo wa mwili kutumia oksijeni. Kwa wastani uliongezeka kama mililita 400 kwa dakika, ila wastani huo ulificha mambo: wapo ambao hawakuongezeka karibu chochote, wapo waliopita lita nzima. Karibu nusu ya tofauti hiyo ilifuata familia. Uwezo wa mwili kuitikia insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari, nao ulipanda kwa wastani, na vilevile si kwa kila mtu.

Namwomba mwandishi wenu asimame hapo kidogo. Watu hawa hawakujisimamia wenyewe nyumbani. Chakula cha wale mapacha kilipimwa, dakika za hawa wa baiskeli zilihesabiwa. Hakuna wa kumwambia kwamba anakula kwa kificho. Juhudi ilikuwa moja na miili ikajibu mbalimbali.

Sasa tuje kwenye kisukari chenyewe. Sukari hupanda kwa kasoro kubwa mbili, na wagonjwa wengi wa aina ya pili, yaani kile cha ukubwani, wanazo zote kwa viwango tofauti. Kasoro ya kwanza ni mwili kuwa mgumu kwa insulini: misuli haiichukui sukari ipasavyo, na ini linaendelea kumwaga sukari kwenye damu usiku kucha hata kama hujala. Ya pili ni seli za kongosho zinazotengeneza insulini kuzidiwa, zikatoa kidogo au zikachelewa kutoa. Kutembea na kupunguza uzito hufanya kazi kubwa zaidi kwenye kasoro ya kwanza. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa kidogo, na ini lililopungua mafuta hutulia. Mtu ambaye tatizo lake kuu ni tumbo na ini, na kongosho yake bado ina nguvu, ataona namba zinaporomoka. Naamini kaka yangu ni wa namna hiyo. Mtu ambaye kongosho yake ilizaliwa na akiba ndogo atafaidika pia, lakini namba yake haitashuka kwa kishindo.

Utafiti unaotajwa sana na wanaosema kisukari kinapona ni DiRECT, uliofanyika Scotland na kaskazini mashariki mwa Uingereza chini ya Mike Lean na Roy Taylor, na kuanza kuchapishwa mwaka 2017. Wagonjwa walisimamishiwa dawa za sukari, wakaishi kwa vinywaji vya lishe vya kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, kisha wakarudishwa polepole kwenye chakula. Mwaka ulipotimia, 46 katika kila 100 sukari yao ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Ni habari njema, niliisoma kwa furaha. Lakini isomwe yote. Waliogunduliwa zaidi ya miaka 6 kabla hawakuchukuliwa kabisa. Na hata miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, ambao 86 katika kila 100 walifanikiwa, wapo 14 ambao hawakufika. Watafiti walipowachunguza kwa kina baadhi ya washiriki walikuta jambo zito: waliofanikiwa na wasiofanikiwa walikuwa wamepungua uzito karibu sawa, mafuta yameondoka kwenye ini na kongosho zao vilevile. Tofauti ni kwamba seli za insulini za kundi moja ziliamka, na za kundi jingine hazikuamka. Ambao hazikuamka walikuwa wameugua kwa muda mrefu kidogo zaidi. Basi muda una sehemu yake, na ndiyo sababu ya kuhimiza watu wapime mapema. Uimara wa seli zenyewe nao una sehemu yake, na jeni nyingi zinazojulikana kuhusiana na kisukari cha aina ya pili hugusa seli hizohizo.

Jeni hizo si moja wala mbili. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2024, uliokusanya taarifa za watu zaidi ya milioni 2.5 kutoka mabara mbalimbali, ulitaja maeneo zaidi ya 600 kwenye vinasaba vya binadamu yanayohusiana na kisukari hiki. Kila moja huongeza kidogo; kurithi mengi kwa pamoja ndiko kunakolemea. (Zipo familia chache ambazo ugonjwa hutoka kwenye jeni moja tu. Vijana wembamba, kizazi baada ya kizazi, wanapata kisukari kabla ya miaka 25. Baadhi yao huhitaji kidonge kidogo cha kuamsha kongosho kuliko wanavyohitaji mlo wowote, na wengine hawahitaji dawa kabisa. Mzazi mwenye familia ya namna hiyo amweleze daktari wazi.)

Katika mamia hayo, moja limepimwa vizuri sana dhidi ya mabadiliko ya maisha, nalo liko kwenye jeni iitwayo TCF7L2. Iligunduliwa kuhusika mwaka 2006, na miongoni mwa jeni za kawaida ndiyo yenye uzito mkubwa kwa kisukari cha aina ya pili, hata kwa Waafrika. Inahusika na namna kongosho inavyotoa insulini. Mwaka huohuo, Jose Florez na wenzake waliitafuta kwa washiriki wa mpango wa kuzuia kisukari wa Marekani, ule maarufu uliochapishwa mwaka 2002. Mpango huo ulichukua watu 3,234 wenye sukari iliyopanda bila kufikia kisukari. Kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki ndilo lililokuwa lengo la kundi la kwanza, na kundi hilo lilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58 likilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa; la metformini, kidonge cha kushusha sukari, kwa asilimia 31. Florez alikuta kwamba katika kundi la vidonge visivyo na dawa, waliorithi umbo la hatari la TCF7L2 kwa baba na kwa mama waliingia kwenye kisukari kwa kiasi cha asilimia 80 zaidi kuliko wasiolirithi. Katika kundi la chakula na mazoezi, tofauti hiyo ilipungua sana, ikawa ndogo isiyoweza kutenganishwa na bahati.

Hilo ndilo ninalotaka kila mgonjwa mwenye ukoo kama wangu alisikie. Urithi mbaya haukuondolei faida ya kutembea; wenye urithi mzito ndio waliokuwa na cha kuokoa zaidi. Mzazi mmoja akiwa na kisukari cha aina ya pili, uwezekano wa mtoto kukipata maishani hukadiriwa kuwa kama 40 katika 100. Wazazi wote wawili, kama 70. Watoto wangu nimewaambia namba hizo, na nimewaambia pia matokeo ya Florez, siku hiyohiyo, kwa sababu namba za kwanza bila za pili ni kumtia mtu hofu bure.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda kwa uwazi wake. Wapima, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, ni miongoni mwa watu wenye kisukari kingi zaidi kuwahi kupimwa duniani. Babu zao walikuwa wakulima kando ya Mto Gila, wakimwagilia mahindi na maharagwe, mpaka walowezi walipoyachepusha maji yao mwishoni mwa karne ya 19. Ndugu zao wa damu walibaki milimani Mexico, huko Maycoba, wakilima kwa mikono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kisukari kwa watu wazima wa Arizona kuwa 38 katika 100, na kwa wale wa Maycoba karibu 7 katika 100. Asili moja ya jeni, maisha mawili. Hapa kwetu pia, mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha vipimo vya vijiji sita vya Tanzania, na wenye kisukari hawakufika 1 katika 100 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kama 9 katika 100 kwa wenye miaka 25 hadi 64. Umri na makazi ya waliopimwa havikulingana, hivyo namba hizo zisiwekwe kwenye mzani mmoja moja kwa moja, lakini hakuna jeni inayoenea kwa kasi hiyo ndani ya kizazi kimoja. Mwandishi wenu ana haki kabisa anaposema soda, mafuta na kukaa kitako vimetuletea ugonjwa. Nampinga pale anapoitazama namba ya mgonjwa mmoja, kwenye daftari moja, na kuisoma kama kipimo cha tabia yake.

Nina jingine la kuwaonya wasomaji. Siku hizi kwenye simu zetu kuna matangazo ya vipimo vya vinasaba vinavyoahidi kukuchagulia chakula kitakachokufaa. Msitoe pesa. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha jaribio la mwaka mzima kwa watu wazima 609 wenye uzito uliozidi: kundi moja lilipunguza mafuta, jingine lilipunguza wanga. Walikuwa wamewapima jeni ili kuona kama zingetabiri nani afuate mlo upi. Hazikutabiri. Ila tofauti kati ya mtu na mtu ndani ya kila kundi ilikuwa ya kustaajabisha, kuanzia waliopungua kama kilo 30 mpaka walioongezeka kama 10. Jeni ya unene iliyojadiliwa sana, FTO, nayo ilichunguzwa katika majaribio 8 yenye watu zaidi ya 9,500, matokeo yakachapishwa mwaka 2016: waliorithi umbo la kunenepesha walipungua uzito sawa na wenzao walipofuata mlo au mazoezi. Urithi upo na una nguvu, lakini kwa sasa hakuna duka linaloweza kukusomea sahani yako kutoka kwenye mate yako. Kinachoweza kukusomea ni kipimo cha sukari kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, ukakiandika.

Nikitaja vipimo, nakuja kwenye jambo linaloihusu pwani yetu hasa. Kliniki nyingi sasa zinatumia kipimo cha miezi mitatu, kile cha HbA1c. Kinapima sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, na kinachukulia kwamba chembe hizo huishi kiasi cha siku 120. Lakini urithi hugusa hata chembe hizo. Huku kwetu ambako malaria imekaa karne na karne, upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu) na kubeba jeni ya selimundu ni vitu vya kawaida, kwa kuwa viliwakinga babu zetu na malaria kali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanaume Wamarekani weusi wenye umbo la Kiafrika la G6PD walisoma HbA1c chini kwa pointi 0.8 hivi kuliko sukari yao halisi ilivyostahili, maana chembe zao hufa mapema kabla hazijabeba sukari nyingi. Wabebaji wa selimundu nao husoma chini kidogo, kama 0.3. Upungufu wa madini ya chuma, ambao wanawake wengi wanao, hufanya kinyume: husomesha juu.

Jirani yangu mmoja, mstaafu wa bandari, alikuwa akisifiwa kwa kipimo chake cha miezi mitatu huku akiamka usiku kucha kwenda haja ndogo na macho yakizidi kufifia. Muuguzi mmoja mwangalifu ndiye aliyeona kwamba namba ya kidoleni na namba ya maabara hazisemi kitu kimoja. Akamuuliza kuhusu watoto. Mzee ana mtoto mwenye selimundu, na kwa kawaida mzazi wa mtoto huyo naye ana jeni hiyo. Tangu hapo wanamfuata kwa sukari ya kidoleni. Basi wapo wanaolaumiwa bila kosa, na wapo wanaopongezwa huku wakiharibikiwa, na wote wawili wangesaidiwa na swali moja la ukoo.

Ninalolichukia zaidi katika lawama hizi ni kwamba zinachelewesha dawa. Mgonjwa akiaminishwa kwamba kidonge ni alama ya kushindwa, atakikataa. Daktari akiamini kwamba mgonjwa hajajitahidi, atamwambia "kajitahidi zaidi" na kumpa miezi mingine mitatu, kisha mingine, na sukari ya 10 au 11 inaendelea kula mishipa ya macho, figo na miguu. Palikuwa na mama tuliyekaa naye benchi moja kliniki, muuza samaki, mtu wa kutembea kutwa nzima na beseni kichwani. Huyo ukimwambia afanye mazoezi unamwambia nini? Alikaripiwa mbele yetu kwa sababu ya namba yake, akaacha kuja. Aliporudi alikuja na kidonda, na mguu ukakatwa chini ya goti. Nilimlilia kama nilivyomlilia mama yangu.

Mimi nilipata daktari kijana aliyefungua daftari langu, akauliza juu ya mama, shangazi na kaka, akatazama uzito wangu na namba ambazo wifi aliziandika kwa mkono wake, halafu akasema: "Mwalimu, chakula na matembezi yako vimefanya sehemu yao, na usiviache. Sehemu iliyobaki ni ya dawa." Akaongeza dawa ya pili juu ya metformini. Sukari yangu ya asubuhi sasa iko kati ya 6 na 7. Natembea vilevile na nala sahani ileile.

Ningependa pia watafiti wetu wasikie. Majaribio niliyoyataja karibu yote yalifanyika kwa miili ya watu wengine. India walifanya la kwao, likachapishwa mwaka 2006, kwa watu 531 ambao hawakuwa wanene kama wale wa Marekani. Mabadiliko ya maisha yalipunguza kisukari kwa asilimia 28.5, nusu tu ya ile 58 ya Marekani, na katika kundi lililoachwa bila msaada zaidi ya nusu waliingia kwenye kisukari ndani ya miaka 3. Somo hilo wasingelipata kwa kusoma ya Wamarekani. Barani kwetu, mwaka 2019 wanasayansi wakiwemo Adebowale Adeyemo na Charles Rotimi walichapisha uchunguzi wa jeni za watu 5,231 wa Nigeria, Ghana na Kenya, wakathibitisha TCF7L2 na wakakuta eneo jipya, ZRANB3, linalohusika na kongosho. Ni hatua kubwa. Bado tunahitaji jaribio la dona, mtama, dagaa na matembezi ya alfajiri kwa Watanzania, waliopimwa jeni zao na kufuatiliwa kwa miaka, ili muuguzi wa Muheza au Kilwa awe na namba za watu wake anapomshauri mgonjwa.

Wakati tukingoja hayo, kliniki zinaweza kufanya mambo ambayo hayana gharama. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari yaandikwe ya ukoo: nani alikuwa na kisukari, aligunduliwa na umri gani, alikuwa mnene au mwembamba, kuna selimundu nyumbani au hakuna. Namba ya mgonjwa isomwe ndani ya chumba, mlango umefungwa. Na mgonjwa ambaye sukari haijafika baada ya miezi mitatu ya juhudi aongezewe matibabu siku hiyo.

Kwako Mhariri, Siku ya Kisukari Duniani huwa tarehe 14 Novemba. Naomba toleo la siku hiyo limpe ukurasa daktari wa kisukari aeleze ni lini chakula na mazoezi hutosha na ni lini havitoshi. Mkihoji wagonjwa, msimhoji aliyeacha vidonge peke yake. Mhojini pia anayetembea kila siku, anayemeza dawa, na ambaye namba yake bado haijafika pale anapotakiwa.

Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Chumbageni, Tanga